Fedha ya msaada ifike kabla mbuzi hawajauzwa

Mwaka ambao mvua ilikata mapema, nilisaidia kuandikisha kaya kwenye kijiji kimoja cha Chamwino, mkoani Dodoma. Fedha iliahidiwa Oktoba, ikaja Februari. Kiasi kilikuwa kile kile, ila ambacho Oktoba kingenunua gunia zima la mahindi, Februari kilitoa madebe matatu.

Na mbuzi walikuwa wameshakwenda. Hilo linaniuma hadi leo. Huku Ugogo mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ikiharibika, mwezi Mei mtama wenyewe shambani unakwambia. Watu wanaswaga mifugo mnadani wote kwa wakati mmoja, bei ya mbuzi inaanguka huku ya mahindi ikipanda. Bibi mmoja aliniambia, "Mjukuu wangu, hizi hela zimenikuta sina hata jike la kuanzia." Alikula miezi miwili, mwaka uliofuata akaandikishwa tena.

Kwa hiyo ukiwa kwenye kamati ya msaada, pigania tarehe kwanza, kiasi baadaye.

Kisha nenda gulioni mwenyewe. Kama wafanyabiashara wanaleta mahindi kutoka soko la nafaka la Kibaigwa bila shida, toa fedha taslimu. Kila mama anajua kama kwake pengo ni unga, dawa au mbegu. Kama mafuriko yamekata barabara na maduka ni matupu, fedha itapandisha bei tu. Hapo peleka nafaka.

Vocha, yaani hati ya kuchukulia bidhaa dukani badala ya fedha, mimi naiogopa kidogo. Wengi tunakumbuka vocha za pembejeo zilizoanza msimu wa 2008/09: mkulima alitakiwa kuongeza fedha yake ndipo apate mbolea. Asiyekuwa nayo alimsainia wakala wa pembejeo vocha yake, akapewa hela kidogo, akarudi nyumbani bila mfuko. Ukilazimika kutumia vocha, isimdai mlengwa nyongeza yoyote, na maduka yawe zaidi ya moja.

Malipo ya simu ni mazuri, lakini wazee wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto aliyeko mjini. Kagua hilo siku ya kuandikisha. Ada ya kutoa iongezwe juu ya kiwango, pamoja na nauli ya bodaboda kama wakala wa kutolea pesa yuko mbali. Majina yasomwe mkutanoni, watu wote wakisikia.

Ukiona mwezi wa nane mnada umefurika mbuzi majike, usingoje taarifa ya wilaya. Nenda kwa mtendaji siku hiyo hiyo, muanze kuandika orodha.