Lenzi moja inatosha

Umeuliza kama kamera yako ndogo unayoipenda, yenye lenzi moja ya milimita 35 isiyovuta, itakutosha kwa picha za mitaani safarini. Itakutosha kabisa. Mimi niliacha kubeba zaidi ya hapo. Bega linashukuru, na watu hawashtuki kama wanapoona lenzi ndefu.

Kinachotukosesha picha nyingi ni kusubiri fokasi, yaani kamera ijirekebishe hadi picha iwe kali. Zima fokasi ya kujiendesha, weka tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), fokasi mita 2.5, kasi 1/250 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, iachie kamera. Kama sensa, kile kipande kinachonasa picha, ni ya ukubwa kamili (sawa na fremu ya filamu ya milimita 35), chochote kilicho kati ya mita 1.7 hivi na karibu 5 kitatoka safi. Wewe unabaki na kazi ya kupima umbali kwa macho tu, na hilo unaweza kulizoea nyumbani kabla ya kuondoka. Giza likiingia mpango huu haufai tena. Fungua lenzi hadi f/2 urudi kwenye fokasi ya kawaida.

Beba betri za akiba, kamera ndogo huzila kama njugu. Sheria za kupiga watu picha nazo hutofautiana: Ufaransa, kwa mfano, mtu ana haki juu ya picha yake, hasa ukitaka kuichapisha.