Maswali ya Wasomaji: Tutaiagaje Tanga?

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni binti wa Rau, hapa Moshi. Tangu mwezi wa tano ninapika na kusaidia kazi za matanga katika mashua ya mume na mke kutoka Ufaransa, ambayo imetia nanga Tanga, upande wa Raskazone. Watu wa pale wametupokea kama ndugu zao. Mwezi huu wa nane tunavuka kwenda Mombasa na baadaye Kilifi, na nahodha anataka tuondoke alfajiri, kimyakimya, kwa kuwa kuagana kunamuumiza. Mimi roho yangu inakataa. Niko nyumbani kwa siku chache; naomba ushauri wako kabla sijapanda basi la kurudi.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Roho yako ina haki, na nitaanza na hoja ambayo nahodha wako ataielewa upesi. Kutoka Tanga hadi Mombasa ni maili za bahari zipatazo 70. Mashua inayokwenda maili tano kwa saa itatumia saa 14 hivi, ingawa upepo wa kusi na mkondo wa pwani, unaoelekea kaskazini, vitawapunguzia muda kidogo. Mkiondoka alfajiri, mtalifikia giza mkiwa bado mnautafuta mlango wa bandari msioujua, wenye miamba kulia na kushoto. Mkiondoka alasiri, maji yakiwa yanakupwa, mtafika kunapambazuka. Kwa hiyo safari yenyewe inawaachia asubuhi ya kuagana na watu.

Lakini msingoje asubuhi hiyo. Anzeni siku tatu au nne kabla, na waanzieni wale wanaowadai: mama anayewauzia samaki pale soko la Deep Sea, kijana anayewabebea maji kwa madumu, mlinzi wa usiku. Lipeni mpaka shilingi ya mwisho na mrudishe kila mlichoazima. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa katika ujana wangu wa ubaharia tuliwahi kuondoka usiku katika kijiji kimoja cha kusini, tukiwa na kamba ya nailoni ya mvuvi mmoja, ambayo nilikuwa nimeifungia mtumbwi wetu na kuisahau. Tuliporudi baada ya miezi mingi, yule mvuvi alitupokea kwa salamu njema, akaipokea kamba yake na hakusema neno. Watoto, ambao zamani walikuwa wakiingia majini hadi kiunoni kutushikia mtumbwi, siku hiyo walikaa juu mchangani, wakatutazama tukiuvuta wenyewe.

Jambo la pili ni radhi, na hapa nakuomba unisikilize sana. Sisi huku mlimani, mtu aliyekosana na mwenzake hubeba jani la isale akaenda kuomba msamaha, na aliyeletewa isale si rahisi akatae. Watu wa pwani hawana isale, ila wana kuombana radhi, na mtu anayetoka kwenda baharini huomba radhi hata pale ambapo hakumbuki kosa lolote. Nenda kwa kila nyumba iliyowakaribisha, kaa chini, usisimame mlangoni, kisha useme: "Tunasafiri, tunaomba radhi zenu." Utajibiwa kwamba mmeshasamehewa, na pengine mtaombewa dua. Mchukue na nahodha. Huenda kuagana kunamuumiza kwa sababu hajui la kusema, na maneno hayo machache yatamtosha. Siku ya kuondoka msiitaje kwa uhakika, kwani upepo unaweza kuwazuia. Semeni tu kwamba ni wiki hii, Mungu akipenda.

Ya ofisini ni mafupi: ziara zote ziishe kabla ya Forodha na Uhamiaji, maana ukishagongewa muhuri wa kutoka hupaswi kurudi mtaani. Bendera ya Tanzania inayopepea upande wa kulia wa mlingoti hubaki juu hadi mtakapovuka mpaka, ndipo ishushwe na ya njano, ile ya kuomba kibali cha kuingia, ipandishwe mtakapokaribia Kenya. Omba uishushe wewe.

Umesema uko nyumbani kwa siku chache. Usirudi mikono mitupu, na usipeleke fedha, kwa kuwa ukarimu haulipwi kama samaki. Peleka kahawa ya huku iliyokaangwa, wenyeji wako wainywe kwa vikombe vidogo pamoja na kashata, kisha pitia soko la Mbuyuni uchukue mkungu wa ndizi za mshare kwa ajili ya yule mama wa samaki. Chagua uliokomaa lakini ambao bado ni kijani kabisa, uufunge kwa majani makavu ya mgomba, kwa sababu kuanzia Same hadi Segera kuna joto kali, na ndizi zilizoanza kuiva zitafika Tanga zimepondeka.