Maswali ya wasomaji: Timu zenu, muvi za kutafsiriwa na ile sinema ya mapanki

Meseji zimekuja nyingi mwezi huu na nusu yake ni ugomvi mtupu, yani watu wa kanda ya ziwa mkipenda kitu mnakipenda mpaka mnakosana. Nimechukua chache, zingine toleo lijalo kama mhariri hatanibania kurasa.

Mwangaluka kaka. Mi ni Timu Mondi, shabiki wa Diamond, tangu niko shule, mdogo wangu wa kike ni Timu Kiba, yeye na Alikiba wake. Juzi kwenye grupu la familia tumetupiana maneno kisa nani kaachia ngoma kali, mama akatutoa wote wawili. Baba mdogo anasema huu ushabiki ni utoto wa vijana wa siku hizi, umeletwa na simu. Ni kweli? (Timu Mondi, Buhongwa)

Mwangaluka mdogo wangu. Kwanza mama mpe pole. Pili, mwambie baba mdogo kwa heshima zote kwamba kama yeye ni Msukuma kweli hilo la simu aliache kabisa, maana timu huku kwetu zilikuwepo kabla hata ya redio. Bagika na Bagalu ni nini kama siyo timu? Waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, kila mmoja anajigamba dawa yake ndo kiboko, mwisho wafuasi wao wakaanza kushindana kwa ngoma na mpaka leo wanashindana. Na angalia wanavyoshindana: uwanja mmoja, muda uleule, huku Bagika kule Bagalu, mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ndo maana mmoja anatoka na chatu shingoni, mwingine anabuni kituko kipya ambacho mwenzake hajawahi kukiona, ilimradi watu wahame upande. Sasa niambie hiyo na kuhesabu watazamaji wa YouTube vinapishana wapi? Bulabo, ile sikukuu yetu ya ngoma, ikifika, mwezi wa sita baada ya sikukuu ya Ekaristi, mchukue baba mdogo mpande daladala mpaka Kisesa, muingie Bujora, akawaone wazee wenzake wanavyozomeana.

Ila na nyie wawili mnaniudhi. Mnabishana nani mkali wakati wimbo wa mwenzako hujausikiliza hadi mwisho. Kiba aliporudi 2014 na Mwana baada ya kukaa kimya, nawajua Timu Mondi kibao walikuwa wanaujua wote kwa kichwa, wanauimba bafuni. Usikute na wewe ni mmoja wao.

Kaka, kuna mtu kazini anabisha eti kuna sinema imepigwa hapahapa Mwanza ikafika mpaka Oscar. Mi nimezaliwa Kirumba sijawahi kuisikia. Ananidanganya? (Mbishi wa Kirumba)

Hakudanganyi, lipa hiyo soda. Ni filamu ya matukio ya kweli, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, kaitengeneza Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria. Inahusu sangara, yule samaki aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 akawamaliza kina furu, na jinsi minofu inavyopanda ndege kwenda Ulaya huku sisi tunabaki na mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa. Ikateuliwa Oscar za 2006 kwenye filamu za aina hiyo, ikapigwa na sinema ya wale ndege penguini (hata mi sikuelewa). Mwaka huohuo Rais Kikwete akaisema hadharani kwamba imeichafua nchi, hasa ile habari kwamba ndege zinazofuata samaki zinaleta silaha Afrika, na hapa mjini watu wakaandamana kuipinga. Waulize wazee kuhusu "sinema ya mapanki", wataikumbuka kwa jina hilo.

Mi naona ni kazi kali kwa macho, nzito kuangalia, na inauma ukijua kila kona inayoonyeshwa. Ila imechagua giza tupu, ukiimaliza unaweza ukadhani Mwanza nzima hamna mtu aliyewahi kucheka. Itafute uiangalie ndo uje ubishe vizuri.

Shikamoo kaka. Sisi vijana wa mwaloni huku Igombe jioni tukimaliza kazi tunaingia kibanda umiza kuangalia muvi zilizotafsiriwa. Binamu yangu kaja likizo kutoka chuo anatucheka, anasema kuangalia muvi iliyotafsiriwa ni ushamba, eti tuangalie orijino. Tunamwambiaje? (Vijana wa mwaloni)

Marahaba wadogo zangu. Ushamba wa wapi? Huyo binamu mkaribisheni bandani siku moja imejaa, akae benchi la nyuma, nje jenereta linanguruma, mbele yake kuna jamaa ana kofia pana, halafu asome hayo maandishi ya chini. Ataona nusu ya neno na kisogo cha mtu. Sauti ndo inafika benchi la nyuma, ndo maana hii kazi ikaota mizizi vibandani, na waliosema ni kwa sababu watu hawajui Kiingereza wameona kipande tu cha jambo lenyewe.

Halafu ile siyo tafsiri tu jamani, ni usimulizi. Sisi wa umri wangu tumelelewa na sauti ya Lufufu kwenye kanda za VHS, na yule mtu alikuwa hafuati neno kwa neno, alikuwa anakusimulia kama bibi anayejua mwisho lakini hataki kuusema: huyu unayemuona kakaa kona mwangalie vizuri, huyu ndo atakuja kumsaliti steringi. Anakukumbusha ulikotoka, anakutania adui, mtu akiingia katikati ya muvi haachwi nyuma. Mchina anaongea mambo ya Hong Kong na wewe unayaelewa kama yametokea Mabatini.

Na TV nazo zimefuata njia hiyohiyo, ingawa kule kila mhusika anapewa sauti yake. Mwaka 2011 TBC walirusha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe, kwa Kiswahili, watu wakaipenda mpaka Rais wa China, Xi Jinping, alipokuja Dar 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Azam nao wakaleta Sultan ya Waturuki, mabibi wakawa wanayajua mambo ya Hürrem kuliko ya jirani. Mbona hao hakuna aliyewaita washamba?

Binamu ana kahoja kamoja tu, na mi nakaunga mkono. Kuna hawa ma-DJ wanaotafsiri muvi sasa hivi, hawajui kunyamaza. Mama analia kwenye jeneza la mwanae, hamna anayeongea, muziki tu, na DJ anakutangazia namba ya duka lake la kuweka muvi kwenye flashi! Msimuliaji mzuri anajua pa kufunga mdomo. Na hapohapo kwenye flashi, muvi za Kibongo kama inawezekana zilipieni, wale watu hawana studio ya kuwafidia.

Kuna rafiki yangu kila sizoni mpya ikitoka ananimwagia mwisho kabla sijaangalia. Mi nasubiri bando la usiku, yeye ana waifai ofisini. Nimfanyeje? (Wa Nyakato)

Nunua vocha kidogo umpigie, mwambie aache, akirudia mtoe kwenye stetasi zako mpaka umalize. Sizoni ikikukuta mwezi wa pili bado ni mpya, haijachacha.

Dada yenu wa Nansio hapa. Nimemaliza hadithi zote za WhatsApp, zile za kulipia kila episodi, na sasa zinanichosha, zote tajiri kampenda hausigeli. Nataka kitabu kipya cha Kiswahili kitakachonikosesha usingizi, ila siyo cha shule. Wabeja. (Msomaji, Ukerewe)

Dada yangu, umekaa juu ya dhahabu unaniuliza mimi wa mjini! Euphrase Kezilahabi si wa hapohapo kisiwani, kazaliwa Namagondo 1944? Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, imetoka 1971 na imewekwa hukohuko kwenu: baba mkali mlevi, Zakaria, binti anayefungiwa mpaka barua ya mvulana inaletea kipigo, halafu binti anaondoka kwenda shule na kile alichozuiwa anakikuta chote kwa mpigo. Ilipigwa marufuku mashuleni kwa kusema mambo waziwazi, baadaye mashule hayohayo yakaifundisha, ndo maana unaiona ya shule. Isome bila maswali ya mtihani nyuma yake uone kama utalala. Hizo episodi zako zina siri ndogo sana ukilinganisha na za nyumba ya Zakaria.

Ukitaka ya kukaa nayo muda mrefu, yupo Mkerewe mwingine, Aniceti Kitereza. Kaandika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, wachapishaji hawakuitaka, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, yeye akafariki 1981. Inaenda polepole, nakutahadharisha, kuna kurasa za kilimo, dawa na ugeni wa ukweni, lakini mume na mke wanaopendana bila mtoto huku ndugu wanawachokonoa, hilo hata leo lingeuza episodi.

Na kipya kabisa, kwa maana ya kipya kwa Kiswahili, ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah wetu wa Zanzibar aliyechukua Nobel 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, sisi tukaipata kwa lugha yetu 2022, Ida Hadjivayanis ndo kaitafsiri, Mkuki na Nyota wakachapa. Muulize mtu wako anayekuja mjini akutafutie.

Ila anza na Rosa. Ukimaliza niandikie uniambie Zakaria ulianza kumchukia ukurasa wa ngapi.