Sauti ya kike bila kukaba koo: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yamekutana kwenye jambo moja: kujifundisha mwenyewe kuongea kwa sauti ya kike zaidi. Sababu ya kila mmoja ni yake, siiulizi. Najibu kama mwalimu wa kwaya, si kama daktari.

Shikamoo mwalimu. Niko Majengo, Moshi. Nataka sauti yangu ya kuongea iwe ya kike. Nikiipandisha, baada ya muda mfupi koo linauma na nasikika kama katuni. Nakosea wapi?

Marahaba. Unapandisha kimo tu, yaani wembamba wa sauti, na kimo ni nusu ya kazi, pengine hata nusu haifiki. Mwanaume mtu mzima akiongea, nyuzi zake za sauti hutetema takriban mara 100 hadi 150 kwa sekunde. Za mwanamke takriban 165 hadi 250. Lakini wapo wanawake wengi wenye sauti ya chini kabisa na hakuna anayewadhania wanaume, kwa sababu sikio linapima pia mwangwi: ukubwa wa njia kuanzia kwenye nyuzi hadi midomoni. Kwa mwanaume njia hiyo ina kama sentimita 17, kwa mwanamke 14 na kitu. Puliza mdomo wa chupa kubwa kisha wa chupa ndogo, utanielewa. Wewe umepandisha kimo na kubaki na chupa ileile.

Njia hiyo inafupishika. Weka kidole kwenye kongomeo, kile kifundo cha mbele ya shingo, meza mate, lisikie linavyopanda. Sasa hema bila kutoa sauti, kwanza kama mbwa mkubwa, kisha kama mbwa mdogo. Ile pumzi ya pili iko mbele, karibu na meno, na ulimi umeinuka. Baki hapohapo, kisha tia sauti kidogo: "iii", halafu "sisi", "miti", "hizi". Irabu zetu zina upendeleo: i na e zinainua ulimi, u na o zinachongoa midomo, njia inarefuka na sauti inazama. Kwa hiyo "sitaki ndizi hizi" itakutoka vizuri mapema, halafu "shikamoo" ikuumbue mlangoni kwa watu. Ifanyie mazoezi peke yake, ukiishikilia ile o ya mwisho isidondokee kifuani.

Punguza na nguvu. Sauti nyepesi, isiyosukumwa, husikika ya kike hata kwenye kimo cha wastani. Ukifika mitetemo 170 au 180 kwa sekunde umeshatosha, usikimbilie juu zaidi. Kunong'ona siyo wepesi, kunachosha koo. Fanya dakika 10 hadi 15, pumzika, rudia jioni. Likianza kuuma, acha siku hiyo. Maana yake misuli ya shingo imeingilia kazi isiyo yake.

Eti vidonge vya uzazi wa mpango vinalainisha sauti? Rafiki yangu anavyo. – Sakina, Arusha

Hapana. Balehe ikishanenepesha nyuzi za sauti, homoni za kike hazizipunguzi. Na vidonge hivyo vinaweza kugandisha damu kwa baadhi ya watu. Mrudishie mwenyewe.

Mimi ni mama, nauza vitenge kwa simu hapa Kijenge, Arusha. Wateja wapya wananiita "kaka" au "bosi". Nimechoka.

Pole mama. Simu za kawaida hukata sehemu kubwa ya sauti za chini, tangu zamani zimepangwa kupitisha kuanzia mitetemo 300 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mteja anakuhukumu zaidi kwa ule mwangwi niliomweleza mwenzako wa Majengo. Tabasamu kabla ya kupokea. Midomo ikitanuka njia inafupika. Usifungue na "haloo" nzito, anza na "karibu", na usiache mwisho wa sentensi uzame hadi ukwaruze. Halafu taja jina lako mapema, "mama fulani hapa". Hiyo siyo sauti, ni biashara, lakini inamaliza kesi.

Ila nikuulize: sauti imekuwa hivyo tangu zamani, au imebadilika hivi karibuni? Ukomo wa hedhi huishusha kidogo. Sigara huishusha, tezi ya shingo ikilegea kazi huishusha pia. Kama imekwaruza zaidi ya wiki tatu, mazoezi yasubiri. Nenda kliniki ya masikio, pua na koo; hospitali ya KCMC pale Moshi wanayo.

Nimepanga chumba, dari ni moja nyumba nzima, jirani anasikia hata nikipiga chafya. Nifanyie wapi mazoezi?

Chukua mrija, uzamishe kidogo kwenye glasi ya maji, toa "uuu" kupitia humo huku ukipanda na kushuka. Jirani atasikia mapovu tu, na nyuzi zinalegea vizuri. Wataalamu wa sauti huwapa hata wagonjwa wao. Ile ya kuhema haina kelele kabisa. Ya kusoma kwa sauti, waambie una mazoezi ya kwaya. Mkoa huu nani atashangaa?

Nipo sauti ya tatu kanisani. Nitaipoteza?

Hapana. Unajifunza mazoea mapya ya kuongea, nyuzi ni zilezile. Usifanye tu mazoezi ya kwaya na haya Jumamosi moja.

Naongea vizuri sasa, miezi imepita, lakini nikicheka au kukohoa ile sauti ya zamani inatoka. Watu wanageuka.

Hongera, maana wengi wanakata tamaa mapema: wanajirekodi, wanachukia wanachosikia, wanafuta. (Msifute. Sauti yako ukiisikia mwenyewe hupitia pia mifupa ya kichwa, ndiyo maana ya kwenye simu ni ngeni. Sentensi ileile, kila wiki, mlinganishe.) Kicheko huponyoka kwa sababu hakisubiri ruhusa, basi kifundishe ukiwa peke yako: anzia "hi hi hi" mbele ya meno, kwa pumzi ndogo, ukiongeza polepole hadi kiwe kicheko kamili. Kikohozi funga mdomo, kitoke bila sauti. Chafya sina dawa yake. Hata masoprano wangu hupiga chafya za besi.