Fimbo saba zinatosha: ushauri kwa anayeanza gofu Nairobi na Dar

Kanuni za gofu zinaruhusu fimbo 14 kwenye mfuko. Wengi wanaoanza huichukua namba hiyo kama idadi inayotakiwa, kumbe ni ukomo tu. Kwa mwaka wa kwanza 7 zinatosha kabisa: fimbo ya mbao namba 5 yenye mwinamo wa uso wa nyuzi 18 hivi (jina limebaki, ingawa kichwa chake siku hizi ni chuma), haibridi (mchanganyiko wa mbao na ayoni) ya nyuzi 22 hadi 24, ayoni (fimbo za kichwa chembamba cha chuma) namba 6 na 8, weji ya kawaida (fimbo fupi ya mipigo ya karibu), weji ya mchanga ya nyuzi 56, na pata ya kusukumia mpira shimoni. Draiva, fimbo ndefu ya pigo la kwanza, isubiri. Mpini wake ni mrefu, uso wake umesimama, na kosa dogo la mkono linaupeleka mpira kichakani. Fedha hiyo ilipie masomo ya mwalimu.

Nunua mitumba bila aibu, lakini usiamini namba iliyochorwa chini ya fimbo. Ayoni namba 7 ya zamani ilikuwa na nyuzi 34 au 35, ilhali nyingi za kisasa zina 28 hadi 30. Ukichanganya fimbo za seti mbili unaweza kupata namba mbili tofauti zinazopiga umbali uleule. Uliza mwinamo wa kila moja kwa nyuzi, na baina ya weji acha nafasi ya nyuzi 4 hadi 6. Seti nyingi mpya zina weji ya kawaida ya nyuzi 44. Ukiruka kutoka hapo hadi 56, utabaki na pengo la nyuzi 12, na pengo hilo litakusumbua kila unapokaribia shimo.

Kabla ya kulipa, kagua. Tingisha fimbo karibu na sikio. Mlio wa kitu kinachocheza kichwani mara nyingi ni gundi iliyoachia. Tazama shingo, pale mpini unapoingia kwenye kichwa: katika miji ya pwani chumvi ya hewani hula mipini ya chuma kuanzia hapo, na kutu inayokwaruza kidole ni sababu tosha ya kuiacha. Inua fimbo na uutazame mpini kwa jicho moja kutoka juu hadi chini, huku ukiuzungusha, uone kama umepinda. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya uso wa weji. Usipokwama, mpira utateleza badala ya kushika griini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo. Kishikio kilichokakamaa kisikutishe, kwani kubadilisha ni kazi ndogo. Ila usiache mfuko kwenye buti la gari juani siku nzima, maana joto hulegeza gundi.

Kuhusu mwili wako, kipimo cha maana si urefu peke yake. Simama umevaa viatu bapa, mikono ikining'inia, kisha pima kutoka mkunjo wa kiganja hadi sakafuni. Kati ya sentimita 86 na 94 hivi, urefu wa kawaida wa fimbo utakufaa. Kisha bandika utepe chini ya kichwa cha ayoni na upige mipira michache juu ya ubao. Alama ikitokea upande wa kisigino, fimbo imesimama mno, na kwa anayetumia mkono wa kulia mipira itaelekea kushoto. Ikitokea upande wa ncha, imelala mno, mipira inakwenda kulia. Watu wengi hubadilisha swingi yao, yaani mwendo wa kupiga, miezi mingi kutibu kosa ambalo fundi angelirekebisha kwa kukunja shingo nyuzi 2. Anayepiga ayoni namba 7 chini ya mita 130 asilazimishe mpini mgumu wenye herufi S; R (wa wastani) au A (laini zaidi) itamsaidia kuinua mpira.

Ardhi nayo ina neno. Viwanja vingi vya Nairobi vina nyasi za kikuyu, nene na zenye kung'ang'ania. Zikiwa ndefu hushika shingo ya fimbo na kuufunga uso wake, kwa hiyo ukiingia humo acha ayoni ndefu, chukua weji, urudi kwenye njia ya nyasi fupi. Wakati wa kiangazi ardhi hukauka ikawa kama sakafu: weji yenye tumbo nene (sehemu ya chini ya kichwa, nayo hupimwa kwa nyuzi) hudunda na kupiga mpira kichwani. Hapo tumbo la nyuzi 4 hadi 8 ni bora. Kwenye mchanga laini na majira ya mvua, 10 hadi 14.

Mahali pa kujifunzia papo. Nairobi, Golf Park iliyo ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road haidai uanachama: unalipa na kucheza. Dar es Salaam kuna Gymkhana, na kuna Lugalo, uwanja wa jeshi unaopokea na raia. Piga simu kwanza, kwani siku za mashindano wageni hawaruhusiwi. Watoto nchini Kenya waulizie Junior Golf Foundation. Na msidharau wabeba mifuko: wengi wanacheza vizuri kuliko wanaowabebea, na kusoma mteremko wa griini hawana mpinzani. Lipa mmoja akutembeze mashimo 9 jioni, umwambie unataka kufundishwa, si kubebewa tu.

Mwalimu anayefaa atakutazama ukipiga mipira 15 au 20 kabla ya kusema neno, kisha atakupa jambo moja la kufanyia kazi. Akikupa matano kwa saa moja, tafuta mwingine.

Andika umbali wa kila fimbo kwenye daftari, na pembeni andika mji. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 6. Pigo la mita 150 la huko, ukishuka Mombasa au Dar, litaishia kwenye 141. Chukua fimbo moja ndefu zaidi.