Mnaouliza kama AI itaiua redio ya umma, hebu njooni hapa

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma uandishi wa habari hapa Mbeya kaniandikia inbox, "Shikamoo kaka, hivi redio ya umma ina kesho kweli na hii AI, au nikafungue tu chaneli yangu?" Nikamwambia marahaba, jibu ni refu na lina donda lake.

Kwenye stesheni yetu mimi ndo nilikuwa wa kwanza kuandikia taarifa na AI na nilitamba kweli, wenzangu bado wanahangaika na aya ya kwanza mi nishamaliza nakunywa chai. Siku hiyo kulikuwa na ajali ya lori, nikairushia vipande vyangu, ikaniletea Kiswahili kimenyooka hadi bosi akasifia. Saa moja asubuhi nipo hewani nasoma "Tunduma mkoani Mbeya". Tunduma ipo Songwe, mkoa uliojitenga na Mbeya tangu 2016 jamani! Simu ya kwanza ni mzee wa huko huko: "Kijana, mmeturudisha Mbeya lini, mbona kikao hatukuitwa?" Studio wakavunjika mbavu, bosi hakucheka. Nikatolewa taarifa ya asubuhi mwezi mzima, na wale niliowafundisha kuitumia wakajifanya hata hawaijui.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilikuwa najua. Nimekulia Mbalizi, malori ya Tunduma nimeyahesabu tangu mtoto. Ila sentensi ilikuwa tamu, nikaisoma.

2025 ukatoka utafiti wa EBU, ule umoja wa watangazaji wa umma wa Ulaya, ukiongozwa na BBC, vyombo 22 kutoka nchi 18, wakakuta asilimia 45 ya majibu ya AI kuhusu habari yana angalau kosa moja kubwa. Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Wenye hela zao wanahangaika, sembuse sisi na jenereta yetu.

Kwahiyo ushauri wangu mdogo wangu, itumie, ila mtu wa hapa asome kabla haijaenda hewani. Mama mmoja wa Uyole alitutumia voice note ya dakika nne analalamikia lumbesa, mnunuzi anajaza gunia la viazi mpaka linaota kichwa halafu analipa bei ya gunia la kawaida. Nikaipa programu iandike maneno, kila penye lumbesa ikaweka Lumumba. Mama wa watu anaonekana anamshtaki Lumumba kwa kumdhulumu viazi! Sasa hilo nani atalishika kama mhariri hajawahi kununua viazi Uyole?

Ile sauti tuliikata dakika mbili tukairusha kwenye magrupu ya WhatsApp, ikazunguka kuliko kipindi chenyewe, na wakulima wakaanza kututumia za kwao. Hiyo ndo digitali ninayoielewa mimi, mengine ni kubadilisha logo. Na nyie vijana acheni uvivu, redio ya umma inaendeshwa na hela ya wananchi, huwezi kukaa ofisini unamuuliza mashine habari za watu walio nusu saa kwa bodaboda. Nenda. Rekodi. Sikiliza tena. Halafu soma kabla hujasoma, nimerudia makusudi.

Taarifa ya asubuhi nilirudishiwa. Yule mzee bado anapiga, hata salamu hasubiri, "Haya mtangazaji, leo tupo mkoa gani?"