Usiache Ngano Kabla ya Kupimwa

Kwa miaka tisa nilitibiwa maradhi ambayo mengi sikuwa nayo. Nilipewa dawa za amiba mara nyingi, nikatibiwa taifodi kila kipimo cha Widal kilipoonyesha chochote, nikameza dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi mfululizo. Muda wote huo tumbo liliendelea kujaa gesi, kuharisha kulikwenda na kurudi, uzito ukashuka kutoka kilo 61 hadi 48, na damu haikupanda hata nilipotumia vidonge vya madini ya chuma bila kuruka siku. Leo najua kwamba nina ugonjwa wa siliaki, ambao hufanya ngano iudhuru utumbo. Ninaandika makala haya kwa sababu kosa lililonichelewesha kuliko mengine nililifanya mwenyewe, kwa nia njema, nikiwa nimeshalikaribia jibu.

Dalili ya kwanza yenye maana niliipata nyumbani kwa mama, Pangani. Kila nilipokwenda kukaa huko wiki mbili au tatu, tumbo lilitulia. Kwa mama tunakula ugali wa muhogo, wali na samaki, na asubuhi chai yetu ni kwa viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha. Dar es Salaam nilikunywa chai kwa chapati au maandazi, na jioni mara nyingi nilikula tambi au mkate. Majirani walisema kuna mtu ananichezea huko mjini. Mama alisema, "Mwanangu, unajichosha mno," nami nikaamini kwamba kinachoniponya ni mapumziko. Hatimaye nilinunua daftari, nikaandika kila nilichokula na kila hali ya tumbo, na baada ya wiki sita ukawa wazi mpangilio ambao kumbukumbu ya kichwani haikuwahi kunionyesha: siku zangu mbaya zilifuata ngano.

Baadaye nilisoma habari za Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, na nikaiona Pangani yangu ndani yake. Dicke alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika majira ya baridi ya njaa ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika nchini mwake, watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 aliwasilisha tasnifu yake kuhusu jambo hilo. Kinachodhuru ni gluteni, protini iliyomo katika nafaka za ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye siliaki, gluteni huichochea kinga ya mwili ishambulie utumbo mwembamba, na vile vijidole vidogo vinavyofyonza virutubisho hubapa. Ndiyo sababu mtu anaweza kula vizuri na bado akaishiwa damu.

Sasa nieleze kosa langu. Daftari liliponionyesha ngano, niliiacha siku hiyohiyo. Nilikaa miezi minne bila chapati, nikapata nafuu kubwa, kisha nikaenda kupima damu nikiwa na furaha ya mtu anayekwenda kuthibitisha anachokijua. Majibu yalisema sina siliaki, na daktari aliyeyasoma akaongeza kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu. Nilirudi kwenye mkate nikiwa nimevunjika moyo, nikaugua miaka miwili zaidi. Hakuna aliyeniambia kwamba kipimo kile hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati unapokula gluteni, na kwamba ukiiacha kwa miezi kadhaa hushuka hadi kipimo kisione kitu, huku utumbo nao ukianza kujikarabati. Daktari bingwa wa mfumo wa chakula niliyemwona baadaye aliniuliza swali moja kabla ya kufungua faili langu: "Siku ulipotolewa damu, ulikuwa unakula ngano?"

Kwa hiyo, ukishuku siliaki, endelea kula ngano mpaka vipimo vyote viishe. Ikiwa umeshaiacha, zungumza na daktari kuhusu kuirudia. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unashauri kula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kupimwa. Mimi nilikula chapati mbili asubuhi na vipande vya mkate jioni kwa wiki nane. Zilikuwa wiki ngumu, na sitaki nikufiche hilo. Chagua kipindi kisicho na mitihani wala safari, na dalili zikizidi mpigie daktari badala ya kuamua peke yako kukatisha.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, na katika karatasi ya maabara huandikwa tTG-IgA. Omba kipimwe pamoja na kiwango cha jumla cha IgA, aina ya kingamwili ambayo kipimo hiki huitegemea, kwa kuwa wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwao jibu la "hakuna" halina maana. Kipimo kikionyesha dalili ya siliaki, kwa mtu mzima hatua inayofuata kwa kawaida ni endoskopi, yaani kuingiziwa kamera tumboni kupitia mdomoni. Hapa pia nilipoteza nafasi. Miaka mitano kabla, hospitali moja iliniingizia kamera, ikatazama mfuko wa chakula, ikachukua kinyama cha kutafuta bakteria wa vidonda, na haikuchukua chochote kutoka kwenye utumbo. Utumbo wa mwenye siliaki unaweza kuonekana wa kawaida kwa macho, kwa hiyo uliza mapema, kwa heshima lakini bila kusita, kama watachukua vinyama kutoka duodenamu, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na vingapi. Wataalamu hupendekeza angalau vinne, pamoja na kimoja au viwili kutoka mwanzoni mwake, maana madhara hujitokeza kwa mabaka. Uliza pia kama bima yako inalipia na kama sampuli itapelekwa maabara ya nje, ili gharama na muda visikushtue.

Kuhusu kauli ya "ugonjwa wa Wazungu," naipinga kwa moyo wote, kwa sababu hufunga mlango kabla mgonjwa hajaeleza shida yake. Miongoni mwa viwango vya juu zaidi vilivyowahi kupimwa duniani ni vya Wasaharawi, watu wa Afrika ya kaskazini-magharibi, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Ni kweli kwamba kwetu amiba, jiadia na taifodi ni vya kawaida, na daktari ana haki ya kuanza navyo. Lakini dawa ya amiba ikishindwa mara ya tatu, muulize ni nini kingine kinachoweza kueleza tumbo na upungufu wa damu kwa pamoja. Mimi nilimpelekea bingwa ukurasa mmoja tu: tarehe, dawa nilizotumia, uzito wangu kila mwaka, na majibu ya damu. Ukurasa ule ulifanya kazi kuliko maelezo yangu yote ya mdomo.

Tangu nithibitishwe, chakula chenyewe hakijanitesa, kwa kuwa nchi yetu ina muhogo, mahindi, mtama, ulezi na mchele, na vitumbua vya mchele bado ni vyangu. Kinachohitaji uangalifu ni unga wa lishe uliochanganywa ngano, semolina, ambayo nayo ni ngano, na mashine ya kusagia ambayo imetoka kusaga ngano ya mteja mwingine.

Ndugu wa damu wa mwenye siliaki wako katika hatari kubwa kuliko watu wengine, kwa hiyo niliwasihi wadogo zangu wapime hata kama tumbo haliwasumbui. Yule wa mwisho, ambaye hajawahi kulalamikia tumbo ila damu yake huwa chini kila akipimwa, tTG-IgA yake imetoka juu. Endoskopi yake ni mwezi ujao. Mpaka siku hiyo, kila asubuhi anakula maandazi yake mawili kama alivyoelekezwa, nami humpigia simu kumkumbusha.